Niliitikia Jina Lisilo Langu

Wiki jana niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni pa chumba chetu cha bweni, mama wa watu amenishika mkono, ananiuliza, "Mwanangu yuko wapi?"

Wengine mmekereka kwamba sikumjibu palepale. Haya, ningemjibu nini?

Kwa waliochelewa niseme kwa ufupi. Chuoni naitwa Kasuku, kwa sababu naiga sauti za watu. Mkuu wa chuo namwiga, mpishi namwiga, mlezi wa wanafunzi namwiga mpaka kile kikohozi chake kabla hajafoka. Mwenzangu wa chumbani alikuwa Kinanda. Jina hilo alilipata kwa vile kila neno alilivuta kama anayeimba.

Ikaja Wiki ya Fursa. Hiyo ndiyo wiki ambayo taasisi na kampuni hutujia chuoni kutafuta vijana wa kuwafundisha kazi. Mimi na Kinanda tulichujwa mpaka mwisho kuwania nafasi moja ya mafunzo katika maabara ya kupima maji. Nafasi ni moja, na sharti lake ni moja: jina lako likiitwa ukumbini, uitike. Usipoitika, umejitoa.

Jioni ya kuamkia siku ya kuitwa majina Kinanda alikwenda kumsalimia baba yake mdogo. Akiwa anafunga viatu akaniambia, "Kasuku, nikichelewa, niitikie."

Wanafunzi wote huitikiana. Nani hajawahi?

Jina lake likaitwa. Nikainama nyuma ya mgongo wa jamaa mmoja mnene, nikaivuta sauti puani: "Nipoooo."

Ukumbi mzima ukacheka, maana sauti ile hakuna asiyeijua. Nami nikacheka. Nilijiona bingwa.

Kumbe basi la alfajiri, alilopanda kurudi chuoni, lilikuwa limeshapinduka na kuwaka moto njiani. Nilipokuwa naitika, Kinanda wangu alikuwa amelazwa mochwari hana jina.

Basi, turudi mlangoni, kwa mama yake Kinanda.

"Mwanangu," yule mama akaniambia tena, kwa upole ule unaoumiza, "wewe ndiye unayelala naye. Yuko wapi?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Nyuma yake alisimama mwanamume mfupi, macho mekundu, kofia ameikunja mkononi. Nilimjua bila kuambiwa. Ndiye baba mdogo.

"Shemeji," akamwambia mama, "mbona unamsumbua mtoto wa watu? Nimekwambia nimemwona. Kidole chake kile cha mguu kilichopinda, nani mwingine anacho?"

"Vidole vilivyopinda viko vingi duniani."

"Nilimsindikiza kituoni mwenyewe!"

"Ulimwona akipanda basi?"

Baba mdogo akaikunjua kofia yake, akaikunja tena. Alimwacha kituoni, akawahi kazini. Hilo ndilo lililokuwa linamla, nami nililiona usoni pake.

"Hukumwona," mama akasema. "Mimi nimeambiwa na watu waliomsikia kwa masikio yao. Asubuhi ile alikuwa hapa. Ameitwa, ameitika. Basi limeungua alfajiri. Maiti haiitiki."



Nilifungua mdomo nimwambie. Wallahi nilifungua. Neno la kwanza liko kwenye ulimi, vipaza sauti vya chuo vikakoroma juu ya paa.

"Tangazo, tangazo. Usaili wa kwaya ya chuo ni leo jioni, bwalo la chakula. Wanaotaka mafunzo ya huduma ya kwanza wajiandikishe zahanati. Timu ya mdahalo inatafuta wasemaji wawili, wenye aibu msijisumbue. Wachangiaji damu, chai ipo."

Mama alisikiliza kichwa amekiinamisha upande, kama mtu anayesikiliza mtoto akipumua usingizini.

"Na sasa pongezi," kipaza sauti kikaendelea. "Aliyeshinda nafasi ya maabara ya maji ni..." Likatajwa jina la Kinanda, lile la darasani, pamoja na la baba yake. "Afike kwa mlezi wa wanafunzi leo. Makofi jamani!"

Makofi yakalia kweli, chumba baada ya chumba, na mtu mmoja mwisho wa korido akapiga mluzi.

Mama akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Umesikia, shemeji?" akasema. "Wasomi wazima hawa, wangeipigia maiti makofi?"

Baba mdogo akanivuta pembeni, karibu na mabeseni ya kufulia.

"Kijana, nisaidie," akaninong'oneza. "Leo alasiri gari la halmashauri linakuja mochwari kuchukua wasiotambuliwa. Wanawazika pamoja, shimo moja, bila hata kibao. Mimi nikisema ni wetu, na mama mzazi anasema si wetu, hawanipi. Wametuambia ndugu mkubaliane. Huyu mwanamke amekataa hata kuingia kumtazama."

"Kwa nini hataki kuingia?"

"Akiingia atamjua."



Mama akataka kumfuata mwanawe huko alikoitwa, tukaongozana hadi ofisi ya mlezi wa wanafunzi. Njiani wanafunzi walinisalimia, "Kasuku, mwambie Kinanda atununulie soda!" Nikawapungia mkono. Mama akawapungia pia. Alikuwa anatembea kwa fahari, mama wa mshindi.

Mlezi alitupokea kwa kikohozi chake. Baba mdogo akaeleza, mama akapinga, mlezi akasikiliza huku anagonga meza kwa kidole. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, mimi sina la kubahatisha. Majina niliyaita mwenyewe. Kijana wako aliitika."

"Umesikia, shemeji?"

"Mwalimu," nikadakia, "labda sauti zilifanana..."

"Kasuku, wewe ulikuwepo ukumbini?"

"Nilikuwepo."

"Jina lake lilipoitwa, hakuna aliyeitika?"

Watu watatu wakanitazama. Chuoni kwetu kumwitikia mwenzako kwenye shughuli kama ile ni kosa la kufukuzwa, na mlezi hana mzaha na hilo. Mwaka jana aliwafukuza wawili, hata kulala bwenini siku ile hawakuruhusiwa.

"Liliitikiwa," nikasema.

Sikusema aliitika. Nilisema liliitikiwa. Nikajidanganya kwamba hapo kuna tofauti.

"Haya basi!" mlezi akapiga meza. "Huyu bwana mdogo atakuwa amefurahi kupita kiasi, amejificha kwa rafiki zake. Ila asipotokea leo, mama, nafasi inakwenda kwa aliyemfuatia. Tena aliyemfuatia ndiye huyu hapa."

Alininyooshea kidole mimi.

Jamani, sitawaficha. Kitu kidogo kilirukaruka kifuani kwangu, na kilikuwa furaha. Ilikaa kwa muda wa kupepesa jicho, ikanitoka, ikaacha uchungu mdomoni kama kidonge kilichoyeyuka kabla hujapata maji. Tangu siku hiyo najiogopa.

Baba mdogo alinitazama kwa namna nyingine kabisa. Sasa hata ningesema ukweli, angesema nautafuta ushindi wa marehemu.

Wakaondoka. Baba mdogo alimbembeleza shemeji yake waende wakakae tu nje ya mochwari, si lazima aingie. Mama akakubali. "Nitakaa nikusindikize wewe," akamwambia, "maana naona wewe ndiye unayeumwa."

Mimi nikaenda bwaloni. Msinicheke. Mtu akichanganyikiwa huenda anakokwenda kila siku.

Foleni ilikuwa ndefu. Mpishi wetu ni mwanamke wa miraba minne, ana mazoea ya kuita majina kadiri anavyopakua, ili asitokee mjanja wa kula mara mbili. Akaita la huyu, akaita la yule. Akafika la Kinanda, akaliita kwa mazoea, mwiko uko hewani.

Foleni ikageuka kumtafuta.

Halafu nyuma yangu, au karibu yangu, au sijui wapi: "Nipoooo."

Ilikuwa sauti ile ile, imevutwa vile vile, hata ule mkwaruzo mdogo wa Kinanda wa mwisho wa neno ulikuwemo, ambao mimi kila siku hunishinda kuuiga.

Foleni ikaangua kicheko. Mpishi akanielekezea mwiko. "Kasuku, utakula mara mbili mbele yangu?"

"Si mimi!"

"Nani mwingine?"

Nikageuka. Aliyekuwa nyuma yangu ni msichana wa mwaka wa kwanza, ameshika sahani, ananitazama kwa kuudhika. "Kaka, midomo yako nimeiona ikicheza," akasema.

Nikaishika midomo yangu. Ilikuwa mikavu. Ninavyoapa leo, sikukusudia kuitika, sikujisikia nikiitika, na mpaka naandika haya sijui kama niliitika. Niliweka sahani chini, nikatoka mbio. Mpishi alikuwa bado anacheka.

Hapo ndipo nilipoamua. Fursa wapewe wengine, chuo wanifukuze, mlezi akohoe mpaka apasuke. Nikiendelea kunyamaza, huyu mtu atazikwa bila jina, na jina lake litabaki mdomoni mwangu maisha yangu yote.

Mochwari iko nyuma ya hospitali, jengo refu lisilo na ghorofa, lenye ubaraza wa saruji na benchi mbili za mbao. Harufu ya dawa inakupokea kabla hujafika. Mama alikuwa kwenye benchi ya mwisho, mkoba magotini. Baba mdogo alikuwa amechuchumaa ukutani, kichwa mikononi.

"Umemleta?" mama akaniuliza aliponiona.

"Mama, naomba nikae."

"Kaa, mwanangu."

Nilikaa. Nilianza mara mbili nikakwama. Mara ya tatu nikayatapika yote kwa mkupuo, bila kumtazama.

"Mama, asubuhi ile Kinanda hakuwepo. Aliniomba nimwitikie. Niliyeitika ni mimi. Naiga sauti, ndiyo maana wananiita Kasuku. Mlezi alidanganyika, ukumbi ukadanganyika, na wewe ukadanganyika. Mwanao alikuwa ndani ya basi. Nisamehe, mama. Nisamehe. Ingia umtambue, umzike."

Baba mdogo alinyanyua kichwa taratibu. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Hakunipiga. Alianza kulia kwa sauti, kama mtu aliyetuliwa mzigo ukamponyoka miguuni.

Mama hakulia.

"Wewe?" akasema.

"Mimi, mama."

"Waongo ninyi. Shemeji amekulipa chai uje useme hivi."

"Wallahi hajanilipa."

"Sauti ya mwanangu mimi ndiye niliyemfundisha kuitoa. Wewe utaiweza wapi?"

"Mama..."

"Itoe niisikie."

"Shemeji, mwache!" baba mdogo akapiga kelele. "Unamtakia nini kijana?"

"Nataka niisikie. Kama ni yeye aliyeitika, aitike. Nikisikia ni kweli, nitainuka, nitaingia mle ndani, nitamtazama huyo mnayesema ni wangu. Naapa mbele yako."

Ndugu wasomaji, mngefanyaje? Alikuwa ameapa. Nikaona mlango ule, nikaona shimo la halmashauri, nikasema potelea mbali, sauti hii ilifunga mlango, sasa iufungue.

Mama akanyoosha mgongo. Akaita.

Hakuliita jina la darasani. Aliita, "Baba!"

Kina mama wengi huwaita hivyo watoto wao wa kiume waliorithi jina la babu. Mimi sikuwahi. Mama yangu alifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na shangazi ambaye akiniita ujue kuna vyombo vya kuosha. Hakuna mtu aliyewahi kuniita baba. Neno lile lilinipiga mahali nisipopajua.

"Nipoooo," nikaitika, sauti ya Kinanda.

Mama akatikisa kichwa. Nikaona mabega yake yameshuka, nikajua kidogo kidogo ukweli unamwingia.

"Mwanangu haniitikii 'nipo'," akasema. "Hiyo ni ya kuwaitikia walimu. Mimi huniitikia labeka."

"Basi umeona, mama. Mimi siye mwanao."

"Sema labeka."

"Mama, tafadhali."

"Baba!"

"Shemeji, inatosha!"

"Baba!" akaita tena, na safari hii sauti ilimkatika katikati. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeita nyumba nzima, chumba kwa chumba, na hakuna aliyeitika.

Nilimhurumia. Hilo tu. Msitafute sababu nyingine, na kama ipo nyingine, basi nilitaka aniite tena.

"Labeka, mama," nikasema.

Ilitoka bila kuivuta, bila kuinamisha kichwa, bila ufundi wowote. Na ule mkwaruzo wa mwisho ulikuwemo.

Baba mdogo akaacha kulia ghafla. Alinikodolea macho, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

Mama akafumba macho. Uso wake wote ulilegea, ukawa mdogo, ukawa wa msichana. Aliutafuta mkono wangu bila kutazama, akaupata, akaufunga ndani ya mikono yake miwili.

"Alhamdulillahi," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi, baba? Umekonda. Hawakulishi huko?"

"Mama, mimi ni Kasuku."

"Najua wanakuita hivyo. Twende nyumbani."

"Mama, uliapa utaingia!"

"Niliapa nitaingia kumtazama wangu. Wangu huyu nimemshika mkono, mle ndani nikafuate nini?"

Nilijaribu kuutoa mkono. Sikuuvuta kwa nguvu, na hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Ningeuvuta ungetoka.

Nje geti likafunguliwa. Gari la halmashauri liliingia kinyumenyume, vijana wawili wenye glavu wakaruka chini. Mhudumu wa mochwari akatoka ndani, mtu mzima mwenye buti za mpira, anatafuna karanga, hana haraka wala chuki na mtu.

"Haya, wale ndugu wa kidole kilichopinda," akasema. "Mmekubaliana? Maana nikishawapa hawa, kumfukua mtu ni mambo ya mahakama."

"Ni wetu!" Baba mdogo alisimama. "Ni mtoto wa marehemu kaka yangu!"

"Si wetu," mama akasema. Sauti yake ilikuwa shwari kabisa, ya mtu anayerudisha chenji iliyozidi. "Huyu shemeji yangu amechanganyikiwa kwa uchungu, msamehe. Mtoto wetu ndiye huyu. Nimemwita, ameitika. Muulize na shemeji mwenyewe, amesikia."

Mhudumu akamgeukia baba mdogo. "Umesikia?"

Baba mdogo akanitazama mimi, akarudi tena ukutani. Alikuwa ananiogopa.

Vijana wa glavu walikwisha kuingia. Nilisikia magurudumu ya kitanda yakilia sakafuni, yakija mlangoni.

Mhudumu akatema ganda la karanga, akanijia mpaka tukawa uso kwa uso. Kisha akalitamka jina la Kinanda lote, la darasani na la baba yake, kama lilivyoitwa siku ile ukumbini.

"Ndiye wewe?" akauliza.

Mama akaukaza mkono wangu. Kitanda kikatokeza mlangoni, shuka jeupe, mguu mmoja uko nje, na kile kidole kimepinda.